Mkia wa Sauti

"Saini," alisema Mkuu wa kituo, akaisukuma karatasi hadi ikagonga kikombe cha Pasi.

"Sisaini."

Pasi alikuwa inspekta wa upelelezi. Jina hilo walimbandika wenzake wa kazini, kwa sababu mtu akishapitiwa na maswali yake habaki na mkunjo hata mmoja. Walidhani wanamtania vibaya. Yeye alilivaa kama nishani.

"Unajua unachokataa?" Mkuu aliuliza.

"Nakijua kuliko aliyekiandika."

Karatasi ilikuwa na maneno machache. Ilisema kwamba sauti iliyorekodiwa kwenye simu ya Tajiri, mwenye ghala la baridi, ni sauti halisi kama ilivyotoka kwenye simu, haikupita mashine yoyote, haikukatwa wala kuungwa. Inspekta wa kesi akitia saini hapo, sauti inaingia mahakamani. Na sauti ikiingia mahakamani, kiongozi wa makuli wa ghala lile, ambaye kila mtu alimwita Kuli Mkuu, hatoki tena. Ghala liliungua, mlinzi akafia ndani, na kwenye rekodi ile Kuli Mkuu alisikika wazi akisema: "Usiporudisha wenzangu kazini, ghala lako litawaka, nakwambia."

"Mwenyewe anasema maneno ni yake," Mkuu alisema. "Unataka nini zaidi?"

"Anasema ni yake, ila ya simu mbili. Ya kwanza alikuwa anatetea wenzake waliofukuzwa. Ya pili alimpigia Tajiri kumwambia nyaya za majokofu zimechubuka, ghala litawaka. Afande, huyo alikuwa anaonya. Tumemfunga mtu aliyetoa onyo."

"Kila mfungwa ana hadithi." Mkuu alifungua kalamu, akaiweka juu ya karatasi. "Mhandisi wa Sauti wa maabara yetu ameisikiliza. Amesoma, ana vyeti hadi ukutani vimekosa nafasi. Kasema ni safi. Mahakama inaanza saa nne. Usiporudi na saini kabla ya hapo, nitasaini mimi, na wewe kesho utakuwa stoo unakunja mablanketi."

Pasi aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Kalamu aliiacha pale pale.

"Mablanketi nayajua kuyakunja, afande."

Nje ya ofisi, kwenye benchi la ukutani, mke wa Kuli Mkuu alikuwa amekaa na chupa ya chai ambayo askari wa zamu walimkataza kuipeleka ndani. Alimtazama Pasi tu, kama mtu anavyoitazama saa ya ukutani. Pasi akampita haraka.

*

Wifi yake alikuwa amemngojea chuoni. Huyu mke wa kaka yake alifundisha hesabu za sauti na picha, na tangu siku ya harusi hawajawahi kuongea dakika nzima bila kuchokozana.

"Umechelewa, wifi. Au ulikuwa unajipiga pasi?"

"Nilikuwa natishiwa. Nipe habari, utani baadaye."

Wifi aligeuza skrini. Mstari wa sauti ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno. Alikuwa amekaa na nakala ya rekodi tangu jana asubuhi, na macho yake yalisema hakuona mto.

"Kwanza yule mtu wako umwachie," alisema.

"Yupi?"

"Mpwa wa Tajiri. Huyo mwenye duka la kutengeneza simu."

Pasi alikunja uso. Mpwa yule ndiye Pasi aliyekuwa akimshuku tangu mwanzo. Ana kompyuta ya kuchezea sauti, ana midomo myepesi, na aliulizwa swali moja akajibu matatu. Walikuwa wamechukua kompyuta yake, na Pasi alikuwa karibu kula kiapo kwamba ndiye aliyeichezea rekodi.

"Alitetemeka kama jani."

"Basi ana dhambi nyingine. Hii si yake. Sikiliza, nitakuelezea polepole, na usinikatize kama unavyomkatiza kaka yako." Wifi alishika chaki. "Mtu akitaka kuondoa kelele kwenye sauti, anaipitisha kwenye chujio. Chujio hili linaigawa sauti mafungu mawili. Huku mapigo mazito ya polepole, huku mikwaruzo ya harakaharaka. Lile fungu zito unaligawa tena, na tena, ngazi baada ya ngazi. Kelele ndogondogo unazifuta, halafu unaunganisha mafungu, sauti inarudi imeoga. Tunaita mgeuzo wa viwimbi."

"Na anayegawa ni nani?"

"Namba. Kwenye chujio dogo ni namba nne tu. Vizidishi vinne." Aliziandika ubaoni, kila moja na mkia mrefu wa tarakimu, ya mwisho ikiwa na alama ya kutoa. "Kila kitu kimo humo. Namba zikiwa sawasawa, ukigawa na kuunganisha unapata kile kile ulichoingiza, hakikupungua unywele. Zikiwa na kasoro, kinabaki kitu."

"Kitu gani?"

"Njoo uone."

Alikuza kipande cha rekodi, pale Kuli Mkuu aliposema *litawaka*. Kwenye *t*, ulimi ulipogonga, mstari uliruka juu. Nyuma yake kidogo, katika kimya, kulikuwa na mruko mdogo sana, umepinduka miguu juu. Akaonyesha kwenye *k*. Upo. Akaonyesha mwingine, na mwingine.

"Kila pigo lina kivuli," Wifi alisema. "Kimepinduka, na umbali ni ule ule siku zote. Simu haifanyi hivyo. Ukuta haufanyi hivyo, mwangwi wa ukuta haupinduki namna hii. Rekodi hii imepitishwa kwenye chujio. Anayesema haijaguswa ni mwongo."

Pasi alipumua kwa mara ya kwanza tangu aamke. "Na kilichofutwa?"

"Mvumo. Chini kabisa umebaki mvumo wa jokofu. Nusu ya kwanza ya sentensi unavuma hivi, nusu ya pili unavuma vingine. Umekatika katikati kama uzi. Mtu aliunga vipande viwili vya siku mbili, akasikia mvumo unamsuta, akaufuta."

"Nipe jina."

"Mimi nafundisha hesabu, sipigi ramli." Lakini alitabasamu. "Nina kitu kinachokaribia jina. Kutoka kwenye ukubwa wa kivuli nimerudi nyuma hadi kwenye namba zenyewe. Angalia." Alifuta mikia ya zile namba nne, akaacha tarakimu mbili tu baada ya nukta: *0.48, 0.84, 0.22,* na *0.13* yenye kutoa mbele yake. "Kuna masharti ambayo vizidishi lazima vitimize. Zidisha ya kwanza kwa ya tatu. Zidisha ya pili kwa ya nne. Jumlisha. Lazima upate sifuri kavu. Fanya."

Pasi alifanya kwa simu yake. Hakupata sifuri. Alipata kijinamba kidogo chenye kutoa.

"Hicho ndicho kivuli," Wifi alisema. "Ndiyo maana kimepinduka. Mtu huyu amekata mikia ya namba. Na hapo ndipo nimekwama, wifi yangu. Siku hizi hakuna anayekata. Programu zote zinabeba namba ndefu, na ya mpwa nimeijaribu, haiachi kivuli hata kidogo. Anayekata ni mtu aliyejifunzia kwenye kifaa kidogo kisicho na nafasi. Akapima kitu kimoja, ukubwa wa sauti, kwa sababu hicho ndicho mteja analalamikia. Masharti mengine akayaacha."

Pasi alikuwa anaangalia kile kivuli kidogo nyuma ya *k*, kinamfuata mwenzake kama...

"Kama paka," alisema.

"Nini?"

"Baba anasemaje kila siku? Kuhusu kifaa chake cha masikio?"

Wifi aliiweka chaki chini taratibu. "Anasema maneno yana mkia. Anasema mtu akisema 'kata', anasikia kitu kinanyata nyuma yake kama paka." Akajishika kichwa. "Na mimi mkwewe, mwalimu wa sauti, nikamwambia ni uzee."

*

Baba alikuwa nyumbani kwa Wifi, jengo la pili kutoka darasani, amekaa sebuleni na redio mapajani. Walipoingia wote wawili kwa pamoja aliipunguza.

"Nani kafa?"

"Hakuna, baba. Tunaomba kifaa chako."

"Ahaa." Mzee aliegemea nyuma, raha imemjaa usoni. "Leo ndiyo mnakitaka. Nimesema, nimechoka kusema. Mkanipa dawa ya usingizi."

"Baba mkwe, nisamehe," Wifi alisema.

"Nitafikiria."

Alikivua, kidude cha rangi ya ngozi kilichochubuka pembeni. Wifi alikiunganisha na kompyuta yake kwa waya mwembamba, Pasi akagonganisha vijiko viwili mbele ya kifaa. Mstari uliruka. Wakakuza. Nyuma ya mruko, katika kimya, kivuli kidogo kimepinduka miguu juu. Wifi aliweka picha ya rekodi ya Kuli Mkuu pembeni yake. Umbali ule ule. Udogo ule ule.

Kisha Pasi akakigeuza kifaa. Ndani ya kifuniko kulikuwa na muhuri mdogo wa karakana iliyokitengeneza.

"Nani alikutengenezea, baba?" Ilibidi apaze sauti.

"Yule kijana wa suti! Alikuwa na karakana pale nyuma ya posta. Akikuvalisha anapiga makofi, anauliza, 'Unasikia?' Ukisema ndiyo, basi, kwaheri. Siku hizi kapata ukubwa. Kapata kazi kwenu huko polisi, kwenye sauti."

Pasi alikitia kifaa kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika juu yake. Baba akasimama, akatafuta viatu.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Kifaa ni changu. Kinakokwenda, na sikio langu linakwenda."

*

Maabara ya sauti ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la kituo. Kuta zilivikwa sponji, madirisha yalifungwa, na katikati ya meza kubwa ilikaa mashine moja yenye taa za kijani. Kwenye ukuta wa mlangoni ulitundikwa ubao mweupe wa kalamu. Mhandisi wa Sauti aliinuka kuwalaki, suti imemkaa, tabasamu limemkaa zaidi.

"Inspekta! Na jopo zima. Mzee, shikamoo."

Baba hakuitikia. Hakusikia.

"Sitakuchosha," Pasi alisema. "Nakwenda kusaini, nataka tu niwe na majibu hakimu akiniuliza. Rekodi ya Tajiri ilipofika kwako, uliipitisha kwenye mashine hii?"

"Hapana. Niliisikiliza tu kwa vipokea sauti vya masikioni. Kielelezo hakiguswi, hiyo ni sheria ya kwanza."

"Hata kuisafisha kelele?"

"Ilikuwa safi tangu mwanzo."

"Kuna mtu mwingine anayetumia mashine yako?"

Mhandisi alicheka kidogo. "Mama, hii mashine haitumiki na mtu mwingine. Chujio lake nimelitengeneza mwenyewe. Wenzangu wananakili vizidishi kwenye vitabu. Mimi vyangu nimevitafuta kwa mkono, mlinganyo kwa mlinganyo."

"Kwa mkono?" Pasi alifungua macho kama mtu aliyeonyeshwa maajabu. "Hakimu atapenda hilo. Unaweza kunionyesha? Mimi shule niliipitia mlango wa nyuma, lakini nitajitahidi."

Wifi aliinamisha uso asicheke.

Hakuna mtu mwenye kujiona anayeweza kuupita ubao mtupu. Mhandisi alivua koti, akachukua kalamu. Aliandika herufi nne mahali pa namba zinazotafutwa, akaandika masharti yake, mkono unakimbia. Akafuta, akahamisha, akakokotoa kipeuo cha pili cha tatu, akaeleza kila hatua bila kuulizwa. Alikuwa anajua kazi yake, hilo hata Wifi alilikubali kwa kichwa. Mwisho akachora boksi, na ndani yake akaandika majibu.

*0.48, 0.84, 0.22, −0.13.*

"Hivyo tu?" Pasi aliuliza. "Tarakimu mbili mbili?"

"Zinatosha. Ni mazoea yangu ya tangu karakana. Kifaa cha sikio hakina nafasi ya kubebea mikia. Ukijumlisha, ukubwa wa sauti unatoka sawa." Akapiga makofi mara moja, pah, kama aliyekuwa akipima mteja. "Umesikia?"

"Nimesikia. Na ndizo zilizomo kwenye mashine hii?"

"Ndizo hizo."

"Na hakuna mwingine mwenye namba kama hizi."

"Hakuna, nakuhakikishia."

"Wifi."

Wifi alichukua kalamu nyekundu. Chini ya boksi akazidisha ya kwanza kwa ya tatu, ya pili kwa ya nne, akajumlisha. *−0.0036.* Akaipigia mstari.

"Sharti hili umeliandika mwenyewe hapo juu," alisema kwa sauti ya darasani. "Sawasawa na sifuri, umesema. Hii si sifuri, mhandisi."

Tabasamu halikuondoka, ila lilikauka. "Hiyo ni chembe ya vumbi. Hakuna sikio duniani litakalosikia hicho."

"Baba yangu anasikia," Pasi alisema. "Na ni kiziwi."

Aliweka mfuko wa kielelezo mezani. Pembeni yake akaweka picha mbili zilizochapishwa: vijiko vya sebuleni, na *litawaka* ya Kuli Mkuu. Vivuli viwili, mapacha.

"Umesema rekodi haijaingia kwenye mashine yako. Umesema mashine haina mtumiaji mwingine. Umesema namba hizi ni zako peke yako duniani. Sikukulazimisha, umejifunga kamba mwenyewe, fundo kwa fundo. Sasa nieleze, kivuli cha namba zako kimefikaje kwenye sauti ya mtu aliye rumande?"

Mhandisi aliangalia picha. Kisha akaangalia mashine, na Pasi akaona jicho linavyoenda kwenye swichi. Pasi alisogea akasimama katikati yake na mashine.

"Nilisafisha tu," Mhandisi alisema. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Tajiri alileta rekodi za simu mbili. Alisema zilikuwa simu moja, iliyokatika mtandao. Aliniomba niunge."

"Na mvumo ulipokusuta kwamba si simu moja?"

Mhandisi alichukua koti lake, akaanza kulivaa.

"Uliufuta," Wifi alisema. "Mimi nisingeufuta."

"Ulisikia simu ya pili yote," Pasi alisema. "Ulimsikia Kuli Mkuu anasema nyaya zimechubuka. Ulijua Tajiri alionywa, akakaa kimya hadi mtu akafa. Na bado ukaunga. Ziko wapi zile mbili, kama zilivyokuja?"

Mhandisi aliinua kidole kuelekea mashine. Hata kidole kilichoka.

"Nilizihifadhi. Siku zote nahifadhi. Ni sheria ya..."

Konstebo aliyekuwa mlangoni aliitwa. Mashine ikatolewa umeme mbele ya mashahidi, ikafungwa mkanda. Pasi akageuka ukutani, akaushika ubao kwa pembe zake zote mbili, akaunyanyua kwenye misumari.

"Unafanya nini?" Wifi aliuliza.

"Mwandiko wake, namba zake, kosa lake. Nishike upande wa pili, na usiufute kwa gauni."

Walikutana na Mkuu kwenye ngazi. Alikuwa anapanda, saa mkononi, kalamu mfukoni, na habari zilikuwa zimeshamfikia, maana uso ulikuwa umemvimba.

"Inspekta! Karatasi iko wapi?"

"Mfukoni kwangu, afande. Haina saini, na haitapata. Mhandisi amekiri. Simu zote mbili zipo. Tajiri alionywa kuhusu nyaya, na sisi tumemweka ndani aliyemwonya."

Mkuu alitazama juu, chini, pembeni, akahakikisha nani anasikia. "Mambo ya namna hii hayaanzi na ubao kubebwa barabarani. Yanaanza mezani kwangu. Rudisha juu. Tutaongea, tutaomba kesi iahirishwe, tutaona."

"Akirudi rumande leo, hiyo 'tutaona' itaota majani."

"Huo ubao ni mali ya ofisi!"

"Basi nifungulie kesi ya wizi. Utanikuta pale ng'ambo ya barabara, mbele ya hakimu, nao mkononi." Akashuka ngazi moja, na Mkuu, ama kwa sababu ubao ulikuwa mpana ama kwa sababu nyingine, akajibana ukutani.

Chini, mke wa Kuli Mkuu aliwaona wakipita na lile libao kubwa jeupe lililojaa namba. Aliinuka. Hakuelewa hata mstari mmoja ulioandikwa pale, lakini aliuelewa uso wa Pasi, akabeba chupa yake ya chai na kuwafuata.

Barabarani magari yalisimama. Baba alitangulia mbele, fimbo imeinuliwa, akiwafungulia njia. Nyuma yao Mkuu alitoka mlangoni akafoka, sauti yake ikagonga majengo pande zote mbili za barabara.

"Mzee! Mwambie binti yako arudi! Mzee, nasema na wewe!"

Baba aligeuka taratibu katikati ya barabara, akagusa sikio lake tupu, akatabasamu kwa meno yote yaliyobaki.

"Sikusikii, mwanangu!" alipaza. "Kifaa changu kimekwenda kutoa ushahidi!"